Tairi Limelika Upande

Mvua ilikatika alfajiri ikakiacha kituo cha pikipiki tope tupu, linanuka mafuta machafu na mikojo ya walevi. Shemeji aliiegesha pikipiki kwenye stendi ya katikati ili gurudumu la nyuma lining'inie, akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya tairi. Upande wa kulia meno yalikuwepo, yanakwaruza ngozi inavyotakiwa. Upande wa kushoto kiganja kiliteleza. Akalizungusha kidogo, akagusa mahali pengine, labda jana alikosea. Hakukosea. Upande ule ulikuwa kipara kitupu, na katikati ya kipara nyuzi za ndani zilishaanza kuchungulia. Akatema mate pembeni.

Wenzake waliokuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakisubiri abiria walimtazama, halafu wakageuza macho. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kitu. Ijumaa ilikuwa siku ya ukaguzi, na kwake yeye ulikuwa ukaguzi wa mwisho. Akipita, pikipiki inakuwa yake. Asipopita, anaanza upya.

"Shemeji," akasema Mzee Breki, dereva mkongwe kuliko wote pale, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akienda kasi, "umejaribu kukaa kulia zaidi?"

Akamjibu kwamba akikaa kulia zaidi ya hapo atakuwa anakimbia pembeni ya pikipiki. Wakacheka wote, na yeye akacheka, maana kicheko kilikuwa bure.

Sheria ya tairi aliitunga Mwenyekiti mwenyewe, na ukiisikia mara ya kwanza utasema ni sheria ya mtu mwenye akili zake. Pikipiki zote za kituo kile zilikuwa mali yake. Anakukabidhi moja kwa mkataba, unamletea hesabu kila jioni, mkataba ukiisha unaondoka nayo. Ila kila mwisho wa mwezi unaipeleka uani kwake ikaguliwe. Haangalii injini, haangalii taa. Anagusa tairi la nyuma, basi. Dereva mtulivu, anasema, tairi lake hulika sawasawa. Mhuni, tairi lake hulika upande. Likiwa sawa, mwezi wako umehesabiwa. Likiwa limelika upande, mwezi huo unaulipia mara mbili ndipo uhesabiwe. Na kama ndiyo ukaguzi wa mwisho, mkataba mzima unarudi mwanzo ili ujifunze adabu.

Pale kituoni walikuwepo watu walioanza upya mpaka wamesahau walianza lini. Huridhiki? Nenda kalalamike kwenye chama cha madereva. Na mwenyekiti wa chama ni nani? Ndiye huyo huyo, jina lenyewe amelipata hapo. Unamshtaki kwake, anakusikiliza kwa upole, anaandaa na chai, kisha anakuhukumu.

Shemeji walimwita hivyo kwa sababu mumewe alikuwa mwenzao. Marehemu aliiendesha pikipiki hiyo hiyo. Alianza upya, akaanza tena upya, halafu siku moja ya manyunyu ikamtupa kwenye kona ya daraja na lori likammaliza. Kwenye msiba Mwenyekiti alikuja na shati jeupe, akapewa kiti chenye mgongo, akatangaza mbele ya watu kwamba hataichukua pikipiki. Mjane aendelee nayo, mkataba uhesabiwe upya kwa jina lake. Watu walimsifu weee, mpaka mjane mwenyewe akaona aibu kwa kukosa machozi ya shukrani.

Tangu hapo hakuna alichokiacha. Upepo alipima kwa kipimo kila asubuhi, si kwa kubonyeza kwa dole gumba kama wengine, maana tairi lenye upepo kidogo hulika kingo na lililojaa kupita kiasi hulika katikati. Magunia aliyagawa pande zote mbili kwa uzito mmoja, na mteja akitaka yafungwe upande mmoja ili apate pa kukaa, alimwambia atafute pikipiki nyingine. Breki hakukanyaga kwa pupa. Pembeni mwa lami, palipoinama kuelekea mtaroni, hakupita. Kila alipokaza cheni alihakikisha nati za kushoto na kulia zimesogea alama zile zile. Na bado tairi lililika upande, kushoto tu, kila tairi aliloweka.

Kwa hiyo akafanya walichofanya wote, akahamisha makalio. Madereva wa Mwenyekiti ungewajua ukiwa mbali, wanavyokaa wameegemea kulia kama watu wenye jipu kwenye tako la kushoto. Waliamini uzito ukihamia kulia, kushoto patapumzika. Hapakupumzika. Kilichopatikana ni maumivu ya nyonga. Mzee Breki alitembea ameinama upande hata akiwa anakwenda chooni. Shemeji naye siku hizi akishuka ilimbidi ashike kiti kwanza, asubiri mguu wa kulia urudi, ndipo ahesabu chenji ya abiria. Abiria wengine walidhani amelewa, na mmoja alimwambia hivyo usoni.

Mchana alikwenda kwa Fundi. Gereji yake ilikuwa kontena nyuma ya kituo, na ilikuwa sharti la mkataba kwamba pikipiki zote zitengenezwe hapo hapo, si penginepo. Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi na meno machache. Alianza na wimbo wake wa kila siku, upepo, mzigo, mwendo. Shemeji akamkatisha, akamtajia yote aliyoyafanya, moja baada ya jingine, mpaka Fundi akakosa pa kuingilia. Akatazama nje, akavuta mlango wa kontena nusu, akachukua kamba ya katani kwenye msumari.

Akaifunga kamba nyuma ya tairi la nyuma, akaivuta pande zote mbili hadi kwenye tairi la mbele, akamwambia achuchumae aangalie mwenyewe. Kulia kamba ilipita imeshikamana na mpira. Kushoto palikuwa na mwanya wa kupitisha kidole. Gurudumu la nyuma halikuwa linalifuata la mbele. Lilikuwa linaburutwa, limelala kidogo, siku zote linasugua upande wake mmoja.

"Huu mkono wa chuma unaoshika gurudumu," akasema Fundi, "umepinda. Na fremu pia. Hata ukae juu ya tangi, litalika tu."

"Imepinda tangu lini?"

"Tangu mumeo hajaiona." Akajifutia mikono kwenye suruali, ingawa suruali ilikuwa chafu kuliko mikono. "Zilikuja kwenye lori, zote za ajali. Alizinunua kwa bei ya vyuma chakavu. Mimi nikazinyoosha kwa nyundo nilivyoweza, nikapaka rangi. Rangi nilipaka vizuri, hilo huwezi kulikataa."

Na kweli ilikuwa rangi nzuri, nyekundu, haijabanduka mpaka leo. Shemeji aliitazama. Akamuuliza kwa nini hakusema, miaka yote hii, watu wanarudishwa mwanzo kila siku na yeye amesimama pale na spana mkononi. Fundi akasema alishawahi kumgusia Mwenyekiti kwamba kuna mashine ya kunyoosha fremu, haiko mbali, kazi ya mchana mmoja. Mwenyekiti akamuuliza kama amechoka kazi. Hakuchoka. Ana watoto, nani hana.

"Ijumaa utashika kamba mbele ya watu," Shemeji akamwambia. "Hutasema neno lolote baya. Utashika tu, wote waone."

Fundi akajichokonoa sikio kwa ufunguo.

"Kamba nitashika," akasema.

Alipotoka pale alipita njia ya darajani, si kwa sababu ilikuwa fupi. Alipofika kwenye ile kona akapunguza mwendo, akasimama pembeni, na mwenye gari la nyuma akampigia honi na kumtukana. Kona ya daraja inakunja kushoto. Ukikunja kushoto pikipiki inalala kushoto, na ikilala kushoto inasimama juu ya upande ule usio na jino hata moja. Polisi walisema mwendo kasi. Mwenyekiti alisema vijana hawasikii. Yeye mwenyewe mjane, Mungu amsamehe, alikubali, na kuna usiku aliwahi kumlaani marehemu kwa haraka zake. Akawasha pikipiki, akaondoka polepole.

Nyumbani walikuwa na chumba kimoja, na pikipiki ililala humo humo, kati ya kitanda cha watoto na ndoo za maji, kwa sababu nje isingefika asubuhi. Kila kitu chumbani kilinuka petroli, nguo, mito, hata wali. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kuifuta. Alikuwa na kitambaa chake maalumu kwa kazi hiyo, na alipangusa kila spoki kwa zamu akizungumza nayo chini chini. Alikuwa amepiga pasi gauni lake la kutokea, limening'inizwa kwenye usukani. Ijumaa alitaka kuwepo. Pikipiki ya mwanawe inarudi nyumbani, asikose kuiona inapokabidhiwa.

Shemeji akamweleza kila kitu, la chuma na la kamba. La kona ya daraja hakulisema, maana kuna mambo humwambii mama wa mtu. Mama mkwe alisikiliza kitambaa kikiwa mkononi.

"Basi si kosa lako," akasema. "Kama chuma chenyewe kibovu, si kosa lako. Mwenyekiti ni mtu wa kuelewa, mwanangu. Alikuja msibani."

Na Shemeji akaamini. Kosa lake ndilo hilo. Alidhani sheria ilikuwa inamtafuta mwenye kosa, na kwamba akionyesha kosa si lake, sheria itamwachia apite.

Ijumaa asubuhi pikipiki zilipangwa uani kwa Mwenyekiti, migongo ikielekea barazani. Uani palifagiliwa, pakanyunyiziwa maji. Nje ya geti walikuwepo wanaume wamechuchumaa ukutani, watu wasio na pikipiki, waliokuja kila ukaguzi kusubiri kama kutakuwa na dereva atakayeshindwa aiache yake. Madereva waliwapita bila kuwasalimia.

Mwenyekiti alitoka amevaa kanzu safi iliyopigwa pasi ikakatika mistari, mwembamba, mpole, ananukia sabuni. Taulo begani. Mkewe akaweka beseni la maji na kipande cha sabuni juu ya kigoda. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Anainama nyuma ya pikipiki, anauliza hali ya mama na watoto, anapitisha dole gumba kwenye tairi. Kucha ya dole hilo aliiacha ndefu kwa kazi hiyo, ya manjano, na alipopata sehemu laini aliikandamiza kucha humo taratibu, kama mtu anayemkamua mwenzake chunusi. Kisha anarudi kwenye beseni na kunawa vizuri hadi kwenye viwiko, ndipo aende kwa mwingine. Kila dereva na kunawa kwake. Maji yakiwa meusi aliyamwaga pale pale, na wenye kandambili wakaondoa miguu.

"Mwanangu," alimwambia kila mmoja, kwa sauti ya chini. "Mwanangu, tatizo lako haraka." Kwa Mzee Breki alisema hivyo hivyo, haraka, na Mzee Breki akaitikia ndiyo, haraka, nitajirekebisha.

Katikati ya shughuli binti wa Mwenyekiti alitoka ndani na begi lake la safari, amechelewa basi la chuo. Akawasalimia madereva kwa adabu, akamwendea Mzee Breki, akamwomba amkimbize stendi ya mabasi. Mzee Breki akaanza kufuta kiti kwa mkono wa shati.

"Subiri gari," Mwenyekiti akasema bila kuinua kichwa.

"Baba, gari itachelewa. Ni hapo tu."

"Nimesema hizo si za kupanda wewe."

Binti akarudi barazani kukaa na begi lake. Uani kila mtu alisikia, na kila mtu akapata kitu cha kutazama ardhini.

Zamu ya Shemeji ilipofika, Mwenyekiti alimsalimia kwanza mama mkwe, akamshika mkono kwa mikono yake miwili iliyolowa, akamwambia amependeza. Ndipo akainama. Kucha ikapita kulia, ikapita kushoto, ikazama. Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

"Mwanangu. Na leo ndiyo ilikuwa siku yako."

Shemeji alikuwa ameyakariri maneno yake barabara nzima. Akasema, naomba Mwenyekiti uniruhusu jambo moja. Si mimi, ni chuma. Fundi yupo, kamba ipo, ipimwe mbele ya watu. Alizungumza kwa heshima, hakumtaja mtu, na sauti haikumkatika. Madereva waliinua vichwa. Kwa muda mfupi uani pale palikuwa na kitu ambacho hakijawahi kuwepo, na hata wale wa getini wakasogea kuchungulia.

Mwenyekiti hakukasirika. Alijifuta mikono kwa taulo, kidole kimoja baada ya kingine, akasema ni haki yake kabisa, ipimwe.

Fundi akaja na kamba. Akaifunga, akaivuta, akaishika kwa mikono yote miwili kama alivyoahidi. Watu wakasogea. Mwanya ulikuwa pale pale, kila mwenye macho aliuona. Mzee Breki alichuchumaa kwa shida, nyonga ikilia, akauchungulia, kisha akageuka kuitazama pikipiki yake mwenyewe kwa jicho ambalo hakuwahi kuitazama nalo.

"Imepinda?" Mwenyekiti akauliza.

"Imepinda, Mwenyekiti."

"Vibaya?"

"Vibaya."

"Na chuma kama hiki hupindishwa na nini, Fundi? Tuelimishe."

"Ajali," akasema.

"Na pikipiki hii imewahi kupata ajali?"

Wote pale walibeba lile jeneza. Shemeji alimtazama Fundi, akamtazama kwa nguvu zake zote, na Fundi akaikazia macho kamba. Alikuwa bado ameishika imenyooka vizuri, haitikisiki.

"Fundi," Shemeji akasema. "Waambie ilipinda lini."

"Mimi siwezi kujua, Shemeji. Mimi napima tu."

Ndipo Mwenyekiti akamgeukia mama mkwe, si yeye. Aliongea polepole, kwa masikitiko, kama mtu anayevuta shuka kumfunika mgonjwa. Mama, akasema, mimi sikutaka kulisema hili. Nilimkabidhi mwanao chombo kizima, kinang'aa, mbele ya mashahidi hawa hawa. Akakiangusha. Akakipinda. Mali ya mtu. Mimi nilikaa kimya kwa heshima ya marehemu, nikajiambia ya kaburini yabaki kaburini. Leo mkweo mwenyewe ameleta kamba kuyafukua.

Shemeji akasema hapana, zilikuja zimepinda, zote, pimeni zote. Akamgeukia Mzee Breki amwombe aipime yake, pale pale, kamba ipo. Mzee Breki alikuwa ameshanyanyuka. Akajipangusa magoti. Akasema yake haina shida. Mwingine akasema yake pia haina shida. Mmoja wa nyuma akamwambia kwa sauti ya kumhurumia, Shemeji, acha mambo, unajiharibia. Alipotazama kote aliona watu walioegemea kulia, kila mmoja amesimama na nyonga yake mbovu, wanamtazama kama mtu aliyejamba msikitini.

"Kwa haki," Mwenyekiti akaendelea, "ningedai na fremu. Sheria inaniruhusu. Lakini mimi si mtu wa hivyo. Fremu nimesamehe, kwa ajili yako, Mama. Mkataba utaanza upya, kwa sababu tairi ni tairi, nikimwachia mmoja wote watataka. Fremu nimesamehe."

Mama mkwe alisimama pale na gauni lake la pasi. Alitazama pikipiki, akatazama lile gurudumu lililolala, akawa kama anamwona mwanawe amelala hapo na kosa lake. Kisha akakunja magoti kidogo, kama wanavyofanya wazee wa kike mbele ya mtu mkubwa, akamshika Mwenyekiti mkono.

"Ahsante, baba," akasema. "Ahsante. Mungu akuzidishie. Msamehe mwanangu."

Mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata. Mwenyekiti alikwenda kwenye beseni kunawa.

Shemeji akamwambia mama mkwe, mbele ya watu wote, kwamba atampeleka nyumbani kwanza, wakazungumze. Mama mkwe akakataa kupanda. Akasema atatembea. Alipita katikati ya madereva akishika pindo la gauni lisiguse tope, na hakumtazama mkwewe hata kidogo.

"Kama huitaki," Mwenyekiti akasema kwa upole, maji yakimchuruzika kwenye viwiko, "iache hapo hapo. Sikulazimishi."

Wanaume wa getini walikuwa wameshaingia hatua kadhaa ndani ya ua. Mmoja wao, kijana mwenye shati la mistari, alikuwa ameshaweka mkono kwenye kiti cha pikipiki nyekundu, anakipapasa, anakikagua, na alipoona Shemeji anamtazama akatabasamu kama anaomba radhi. Shemeji akautoa ule mkono. Akashika usukani.

"Vizuri," akasema Mwenyekiti. "Fundi, na hilo tairi lichonge meno. Abiria wakiona kipara wanaogopa, wananiharibia jina."

Wakalichonga pale pale nyuma ya jikoni, penye jiko la mkaa. Fundi alilitoa tairi kwenye rimu, akalijaza matambara lisibonyee, akaweka kisu cha kuchongea kwenye makaa mpaka kikawa chekundu. Mtu mmoja hawezi kazi hiyo, tairi linahitaji kushikwa. Shemeji akaketi juu ya tofali, akalibana kati ya magoti yake, upande wa kipara ukiwa juu. Kisu kilipogusa mpira moshi mweusi ulipanda ukawaingia puani na kooni, na mpira ukatoka kwa vipande vyembamba vinavyojikunja na kumnatia mikononi palipo na jasho. Fundi alichora meno mapya, mstari wa kwenda na wa kurudi, kwa ufundi kabisa, akifuata yale ya upande wa kulia. Palipokuwa na nyuzi alipita juu juu ili zisikatike.

Simu ya Shemeji ililia. Alikuwa mama wa watoto anaowachukua shuleni kila mchana, akimkumbusha kwamba leo wanatoka mapema na wadogo wote wawili watapanda pamoja. Akamwambia asiwe na wasiwasi, anakuja, yuko njiani. Akaikata simu na kuirudisha mfukoni.

Fundi alikuwa amemaliza. Alipuliza tairi, akalipangusa kwa mkono wa shati, akalisogeza kwenye mwanga. Kwa mbali lilionekana jipya. Akataka kulichukua alirudishe kwenye rimu, lakini Shemeji alikuwa bado amelibana kwa magoti. Aliinama, akapitisha kiganja polepole kutoka kulia kwenda kushoto, kisha kidole chake kikasimama.

"Hapa umeruka," akasema.

Fundi akairudisha ncha ya kisu kwenye makaa, wakakaa wakisubiri iwe nyekundu.